Daftari gani linamfaa anayetaka kuchora kila siku?

Kila tukizungumzia uchoraji hewani, ujumbe mwingi unaoingia kwenye simu zetu huuliza jambo moja: ninunue daftari gani? Wanaouliza si wanafunzi wa sanaa peke yao. Yumo fundi cherehani anayetaka kukumbuka mishono ya wateja wake, kijana anayeandika mabango ya maduka, mama anayesuka mikeka, na mzazi ambaye mtoto wake amechapwa shuleni kwa kujaza picha nyuma ya daftari la hesabu. Wote wameamua kuchora kidogo kila siku. Wote wana fedha ya kununua kitu kimoja tu, na hawataki ipotee bure.

Swali lao lina uzito. Penseli ikiwa mbaya unaazima nyingine kwa jirani, lakini daftari ndilo utakaloishi nalo miezi miwili au mitatu. Likiwa kubwa utaliacha nyumbani. Karatasi ikiwa nyepesi mno, wino utapenya upande wa pili, raba itatoboa, nawe utakata tamaa ukidhani tatizo ni mkono wako. Tunajua watu walioacha kuchora wiki ya kwanza kwa sababu hiyo tu.

Daftari la bei kubwa hubaki jeupe

Tuanze na jambo ambalo wauza maduka hawatakuambia. Daftari zuri sana, lenye jalada gumu na karatasi nene za kupendeza, mara nyingi ndilo linalomshinda anayeanza. Analifungua, anaona ukurasa mweupe uliomgharimu fedha ya siku nzima ya kibarua, anaogopa kuuharibu. Anajiambia atachora kesho, mkono ukiwa mwepesi. Kesho haifiki.

Anayechora kila siku atachora vibaya siku nyingi. Hakuna njia ya kulikwepa hilo. Kuku wa kwanza utakayemchora atafanana na birika. Kwa hiyo daftari la kuanzia lazima liwe la bei ambayo ukiharibu kurasa kumi mfululizo hutalala na njaa wala hutajilaumu. Huo ndio ushauri wetu wa kwanza na tunausisitiza kuliko mengine yote yaliyomo humu: la kwanza liwe rahisi. Zuri utalinunua ukishamaliza mawili ya kawaida, na kufikia hapo utajua mwenyewe unataka nini.

Wala usidhani vifaa vya bei ndogo huzaa kazi ndogo. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa kusini mwa Tanzania na kuanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, hakutumia vitambaa vya wasanii. Alichora juu ya vipande vya hadibodi, vile vya kujengea, kwa rangi za mafuta za madukani, aina ya zile zinazopakwa baiskeli. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka michache tu ya kazi, lakini jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji.

Yaliyopo kwenye duka la karibu

Tuangalie basi kile utakachokikuta kwenye duka la kijijini au kwenye steshenari ya mji mdogo.

Daftari la shule lenye mistari lipo kila mahali. Karatasi yake ni nyepesi, lakini kalamu ya kawaida ya wino mzito, ile ya kuandikia kila siku, haipenyi sana. Mistari inawakera wengine. Ukichora kwa penseli hafifu, mistari inashindana na mchoro, na ukipiga picha kwa simu inaonekana zaidi. Ukichora kwa kalamu nyeusi ukakaza mkono, baada ya siku tatu hutaiona tena. Kama huna kingine, anza na hilo leo jioni.

Daftari la miraba, lile la hesabu, halisifiwi inavyostahili. Seremala anaweza kuamua kwamba mraba mmoja ni sentimita kumi, akachora kabati la mteja kwa vipimo kabla hajakata ubao. Msusi wa mikeka anaweza kuhesabu miraba kama anavyohesabu ukindu, akajaribu nakshi mpya kwa penseli za rangi kabla ya kuloweka majani. Fundi aliyemwonyesha mteja mchoro wenye vipimo, wakakubaliana, hagombani naye siku ya kuchukua mzigo. Kwa hawa, miraba ni bora kuliko karatasi nyeupe.

Daftari la kuchorea la watoto lina kurasa zisizo na mistari, na hilo ni jambo jema. Kasoro yake ni mbili: huwa na kurasa chache, na karatasi yake aghalabu ni ya rangi ya kijivujivu inayofumuka ukifuta mara mbili. Pia uliangalie vizuri kabla ya kulipa, maana mengine yana picha tayari za kupaka rangi, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Kaunta buku ni imara. Jalada gumu, kurasa nyingi, na mara nyingi imeshonwa kwa uzi. Inavumilia kubebwa kwenye kikapu na kukaliwa kwenye basi. Lakini ina mistari, ni nzito, na wingi wa kurasa zake huwatisha wengine. Mtu akichora ukurasa mmoja kwa siku kwenye kaunta buku ya kurasa karibu 200, inamchukua zaidi ya nusu mwaka kuimaliza. Kumaliza daftari kuna raha yake na kunatia nguvu. Anayeanza anahitaji raha hiyo mapema, siyo baada ya mavuno mawili.

Madaftari ya wachoraji yenyewe, yenye karatasi nene isiyo na mistari, hupatikana zaidi kwenye maduka makubwa ya mjini. Kama una ndugu anayesafiri, unaweza kumtuma. Mwambie aangalie gramu kwanza.

Maana ya gramu

Unene wa karatasi hutajwa kwa uzito wa mita moja ya mraba. Kwenye kifurushi utaona namba imefuatwa na herufi gsm au g/m². Karatasi za kawaida za kuchapia, zile za rimu, nyingi ni gramu 80. Karatasi ya kuchorea kwa penseli inapendeza ikiwa kuanzia gramu 100 au 120 kwenda juu. Ya rangi za maji huanzia karibu 200, na wanaozitumia sana hutafuta ya 300, kwa sababu karatasi nyepesi ikilowa inajikunja kama jani lililopigwa na jua.

Unaweza kuihakiki namba hiyo kwa mizani ya sukari. Karatasi 16 za ukubwa wa A4 zikipangwa ubavu kwa ubavu zinafunika mita moja ya mraba. Kwa hiyo ikiwa karatasi ni ya gramu 80, kila moja ina gramu 5, na rimu nzima ya karatasi 500 ina kilo 2 na nusu. Ya gramu 70 itasimama chini kidogo ya kilo 2 na robo. Mwenye duka akikuambia ni 80 na mizani ikakataa, mna la kuzungumza.

Daftari la shule kwa kawaida haliandikwi gramu popote. Hapo tumia mikono na macho. Nyanyua ukurasa mmoja uelekee mlangoni penye mwanga, uweke kidole nyuma yake. Kivuli cha kidole kikionekana wazi, wino utaonekana pia. Kisha papasa karatasi kwa ncha ya kidole. Karatasi inayoteleza kama kioo haishiki penseli. Mchoro utabaki hafifu hata ukikandamiza. Yenye ukwaru kidogo ndiyo inayoshika. Ikiwa mwenye duka ni mtu wa kuelewana, muombe ujaribu kwenye kona ya ukurasa wa mwisho: chora mstari kwa kalamu yako, geuza uone kama umepenya, chora kwa penseli, futa mara tano mahali pamoja, uone kama karatasi inafumuka. Nenda na kalamu na raba yako mwenyewe. Hapo utajua kuliko gamba la daftari linavyoweza kukuambia.

Ukubwa wa daftari ni ukubwa wa mazoea

Tukiulizwa ni kipi kinachoamua kama mtu ataendelea kuchora kila siku, tunajibu: kama daftari lipo naye pale anapokaa bila kazi. Muda wa kuchora vijijini ni muda wa kungoja. Unangoja foleni ya zahanati, unangoja maji kisimani, unangoja basi lijae, unangoja mifugo inywe. Daftari lililobaki nyumbani juu ya kabati halitashuhudia lolote kati ya hayo.

A4 ni sentimita 21 kwa 29.7. Inafaa mezani. Ikunje katikati upate A5, yaani sentimita 14.8 kwa 21, karibu na daftari dogo la shule. Hii inaingia kwenye mkoba, kwenye mfuko wa koti, au chini ya fundo la kanga. Ikunje tena upate A6, inayoenea mfuko wa shati. Kwa mtu anayetembea, tunapendekeza A5. A6 inabeba mmea mmoja au uso mmoja, lakini ukitaka kuchora gulio zima utabanwa.

Mchoraji Mwingereza J. M. W. Turner alikuwa mtu wa safari, na alichora njiani kwenye madaftari, mengi yao madogo ya kuingia mfukoni. Karibu 300 kati ya hayo yamehifadhiwa hadi leo kwenye jumba la sanaa la Tate huko London. Mengi ndani yake ni mistari michache tu ya mlima au ya meli. Kazi kubwa alizifanya baadaye, nyumbani.

Uzi, gundi, waya au pini

Tazama mgongo wa daftari. Lililobanwa kwa pini mbili katikati ni la bei ndogo na hufunguka vizuri, lakini lina siri: kila karatasi ni kurasa nne zilizokunjwa. Ukichana jani moja la mbele kwa hasira, mwenzake wa nyuma naye atalegea na kuanguka. Ndiyo sababu moja ya sisi kusema usichane mchoro mbaya. Sababu nyingine ni kwamba baada ya miezi mitatu utataka kuuona. Pwani kwenye hewa ya chumvi, pini hizo hushika kutu na kuacha alama.

Lililogandishwa kwa gundi peke yake halipendi joto. Gundi inakauka, mgongo unapasuka, majani yanatoka moja moja. La waya wa kuzunguka linafunguka bapa kabisa na ni tamu kuchorea ukiwa umesimama, ila waya ukibanwa kwenye mzigo unapinda, na hapo kurasa hazigeuki tena bila kuraruka. La kushonwa kwa uzi ndilo linalodumu. Ni vigumu kulipata kwa bei ndogo, na hapo ndipo tunapofika kwenye njia tunayoipenda zaidi.

Shona la kwako

Nunua karatasi za rimu zisizo na mistari. Maduka mengi ya fotokopi hukubali kuuza karatasi chache chache, kwa hiyo huna haja ya kuchukua rimu nzima. Chukua 10. Zipange pamoja, zikunje katikati mara moja, na kandamiza mkunjo kwa mgongo wa kijiko. Sasa una kurasa 40 za A5. Kwa jalada, kata kipande cha boksi jembamba, kama lile la sabuni au la majani ya chai, au tumia karatasi ya kaki ya kufunikia madaftari ukiikunja mara mbili. Likunje nalo katikati, ulivishe nje.

Fungua katikati. Kwenye mstari wa mkunjo, toboa matundu matatu kwa shazia au msumari mwembamba: moja katikati kabisa, mengine mawili sentimita 3 kutoka kila mwisho. Toboa karatasi na jalada kwa pamoja. Chukua uzi imara, ule wa kushonea viatu au magunia, wenye urefu mara tatu ya urefu wa daftari.

Ingiza sindano tundu la katikati ukitokea ndani kwenda nje, uache ncha ya uzi ndani. Ukiwa nje, panda hadi tundu la juu, ingia ndani. Ndani, shuka moja kwa moja hadi tundu la chini, ukilipita la katikati bila kuingia, kisha toka nje. Nje, rudi katikati na uingie ndani. Sasa una ncha mbili za uzi ndani, na uzi mrefu umepita kati yake. Hakikisha ncha moja iko kushoto kwake na nyingine kulia, vuta vikaze, funga fundo mara mbili juu ya uzi huo mrefu. Basi, daftari tayari. Kazi yote haizidi nusu saa, na mtoto wa darasa la tano anaiweza akisimamiwa kwenye kutoboa.

Hesabu yake inavutia. Rimu moja ya karatasi 500 inatoa madaftari 50 kama hilo, yaani kurasa 2,000. Kwa ukurasa mmoja kwa siku, hiyo ni karibu miaka 5 na nusu kwa mtu mmoja. Watu watano wakichangiana rimu moja, kila mmoja ana kurasa za mwaka mzima na ziada. Na mzazi yule wa daftari la hesabu anaweza kumpa mtoto wake daftari lake la picha, akamwambia picha ziende huku na hesabu zibaki kule. Tumesikia walimu wakilalamika kuhusu watoto hawa. Wengi wao wanahitaji karatasi yao tu, fimbo haina la kuwafundisha hapo.

Karatasi ya kaki yenyewe ni nzuri kuchorea. Mkaa unatoka mweusi, chaki nyeupe inatoa mwanga, na rangi ya karatasi inakupa kivuli cha kati bila kuhangaika. Wengine hutumia mifuko ya saruji ya karatasi. Kama unataka kufanya hivyo, chukua matabaka ya kati tu, yakung'ute nje ukiwa umefunga kitambaa puani na mdomoni, kisha nawa mikono. Vumbi la saruji linaunguza ngozi na si la kuvuta.

Kinachobaki baada ya miaka

Kuna jambo dogo ambalo huonekana dogo hadi siku unapotafuta mchoro wa marehemu babu. Penseli haipauki kwa mwanga. Kilichomo ndani yake ni madini meusi yasiyobadilika. Inachafuka kwa kusuguliwa tu, ukurasa kwa ukurasa. Wino wa kalamu nyingi za kawaida hausuguliki, lakini ukikaa juani unafifia. Mkaa wa jikoni unachora vizuri na unahama vizuri vilevile: utaukuta kwenye ukurasa wa pili, kwenye shati na kwenye uso wa mtoto. Ukichora kwa mkaa, weka karatasi tupu katikati. Karatasi kama ya gazeti nayo hugeuka njano haraka kwa sababu ya mabaki ya mti yaliyomo ndani yake, hasa ikipata mwanga.

Kisha kuna mchwa, mende, panya na mvua. Daftari lisiwekwe chini wala lisiegemee ukuta wa udongo. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana inatosha, mradi daftari likiingia liwe kavu. Lililolowa likifungiwa humo litaota ukungu. Litoe mara moja kwa mwezi lipate hewa kivulini.

Andika tarehe kwenye kila ukurasa, na mahali ulipokuwa. Na kwa kuwa simu iko mkononi, piga picha ya kila mchoro. Fanya hivyo mchana, karibu na mlango, kwenye kivuli chenye mwanga, bila taa ya simu. Laza daftari chini, simama juu yake, shika simu ikiwa sambamba na ukurasa, kisha sogea hadi kingo nne zinyooke ndani ya kioo. Ikiwa kivuli chako kinaanguka juu ya karatasi, zunguka upande wa pili.